Aluminiamu ipi, na imefungwa kwa bolti gani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wako wa Tabora, ambaye katika barua yake aliwashauri wavuvi wa Ziwa Tanganyika waachane na mbao na vikundi vyao vikopee boti za aluminiamu. Sababu alizotoa ni kwamba ni nyepesi, haili kutu, haihitaji rangi, na hata ndege zimetengenezwa nayo. Ya kwanza naiunga mkono kwa mikono miwili: aluminiamu ina theluthi moja hivi ya uzito wa chuma, na mwenye kununua petroli ya injini anajua maana yake. Hizo nyingine zitawatia watu hasara.

Niseme mapema mimi ni nani, asije mtu akasema nimeficha maslahi. Nina karakana ya madirisha na milango ya aluminiamu hapa Mwanga, Kigoma. Riziki yangu ni fremu, vioo na nyavu za mbu. Lakini kwa kuwa nina mtungi wa gesi ya agoni na mashine ya kuchomelea aluminiamu, boti ikitoboka Kibirizi au Katonga nafuatwa mimi. Kwa hiyo aluminiamu ikisifiwa nanufaika, na ikitoboka nanufaika pia.

Nianze na ndege, maana hiyo ndiyo hoja inayonoga vijiweni. Aluminiamu tupu ni laini mno. Mwaka 1906 Mjerumani Alfred Wilm aligundua kwamba ukiichanganya na shaba na magnesiamu kidogo, ukaipasha moto, ukaizima ghafla kwenye maji, kisha ukaiacha itulie siku kadhaa, inakuwa ngumu yenyewe bila kuguswa na nyundo. Hapo ndipo zilipoanzia aloi, yaani metali za kuchanganywa, za ndege, na inayojulikana zaidi leo ni namba 2024, yenye shaba asilimia 4 na ushee. Shaba hiyohiyo inayoipa nguvu ndiyo inayoiponza. Ndani ya metali hubaki chembechembe zenye shaba nyingi, na zikikutana na unyevu wenye chumvi kila moja inakuwa betri ndogo inayomla jirani yake. Watengenezaji wa ndege wanalijua hilo tangu zamani. Ndiyo maana shiti zao nyingi hufunikwa pande zote mbili kwa tabaka jembamba la aluminiamu safi, juu yake praima, yaani rangi ya msingi, juu yake rangi yenyewe, halafu mafundi wanaikagua ndege kwa ratiba isiyo na mzaha. Isitoshe, ndege inayotua uwanja wetu wa Kigoma hailali ndani ya maji. Mtu akikuuzia boti huku anajisifu kuwa ni aluminiamu ya ndege, mshukuru, kisha mwache aende zake.

Na kwa kuwa tuko kwenye ndege, nimpe ndugu yangu wa Tabora jambo la kuwafikishia watu wa Nzega. Zebaki wanayotumia wachimbaji wadogo kukamatia dhahabu ina masharti makali kwenye ndege, kwa sababu ikipata mkwaruzo wa kupenyea kwenye aluminiamu inaifumua kwa kasi ya kutisha. Chupa ya zebaki isipandishwe kwenye boti ya aluminiamu, hata ikiwa imefungwa kwenye mifuko mitatu.

Inayofaa majini ni ya ukoo mwingine. Aloi hizi hutajwa kwa namba za tarakimu nne, na tarakimu ya kwanza inakuambia kilichochanganywa kwa wingi: 2 ni shaba, 3 manganizi, 5 magnesiamu, 6 magnesiamu pamoja na silikoni, 7 zinki. Fremu zangu za madirisha ni 6063. Ya boti ni ukoo wa 5, hasa 5083, yenye magnesiamu kati ya asilimia 4 na 5, manganizi kidogo, na shaba ya kuhesabika kama uchafu tu. Unaichomelea na sehemu kubwa ya nguvu yake inabaki. Ile 6061 nayo inavumilia maji, ila pale ilipopigwa joto la kuchomelea inapoteza karibu nusu ya nguvu. Nikiambiwa niiweke ubavuni mwa boti nakataa. Nikiambiwa niitumie kwa nguzo za kufungia turubai, hiyo sawa.

Sasa, kwa nini aluminiamu haiozi kama chuma? Si kwamba haijali hewa. Ukiikwaruza kwa msumari, palepale oksijeni inauziba mkwaruzo kwa utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache, jicho haliuoni. Ni kama utando wa uji: ukiuengua, mwingine unatanda. Kinachoilinda ni utando huo tu. Ukiharibiwa haraka kuliko unavyojiponya, au ukinyimwa hewa ya kujiponya, basi metali iko uchi.

Utando huo hutulia kwenye maji yenye pH, yaani kipimo cha ukali wa tindikali au magadi, kati ya 4 na 8.5 hivi. Nje ya hapo unayeyuka. Mama lishe yeyote ameona sufuria iliyopikiwa maharage kwa magadi inavyobadilika rangi ndani. Mimi nimeona saruji mbichi inavyoacha madoa kwenye fremu, madoa yasiyotoka kwa sabuni wala kwa sala, na ndiyo maana sitoi plastiki ya fremu mpaka mwashi amalize plasta na kunawa mikono. Upande wa pili ni tindikali: asali ya Tabora, kwa utamu wake wote, mara nyingi iko karibu na pH 4, hivyo si kitu cha kuhifadhi miezi kwenye chombo cha aluminiamu kisichopakwa kitu ndani. Na maji ya Ziwa Tanganyika? Kwa kuwa ni maji baridi, watu wanadhani hayana neno. pH yake huku juu iko karibu na 9. Yaani ziwa letu limesimama ukingoni kabisa mwa utando huo, mguu mmoja nje. Hilo peke yake haliui boti ya 5083, lakini linaua hoja kwamba rangi haihitajiki.

Chumvi ndiyo mbaya zaidi, na mkoa wetu una chumvi. Nieleze boti moja niliyoitengeneza ufukweni Kibirizi. Ilikuwa ya kikundi, ilinunuliwa kwa muuzaji ambaye simtaji, na haikuwa imezeeka. Kwa nje ilikuwa inang'aa hata ungeweza kujinyolea ndevu kwenye ubavu wake. Tatizo lao ni kwamba kila asubuhi walikuta maji ndani na hawakujua yanaingilia wapi. Tuliondoa mbao za kukanyagia. Chini yake palikuwa na tope la kijivu lenye chumvichumvi, kwa sababu boti hiyo hupeleka magunia ya chumvi ya Uvinza vijiji vya kusini na hurudi na dagaa. Nililikwangua lile tope kwa bisibisi. Likatoka pamoja na vichuguu vidogo vya unga mweupe, kila kimoja kama chawa aliyenona. Nikakipangusa kimoja: chini yake tundu la kuingia ncha ya sindano. Nikachomeka waya mwembamba. Kijana aliyekuwa amelala mchangani chini ya boti akapiga kelele kwamba anauona. Tukaendelea hivyo, mimi nachomeka, yeye anaita, na matundu yote yalijipanga pale magunia yalipokuwa yanalala. Nusu mita pembeni, penye upepo, shiti haikuwa na alama yoyote. Nilipoipima unene, kalipa yangu ilisoma milimita 2 kamili.

Ndivyo aluminiamu inavyoliwa, na ndivyo inavyowadanganya wanaoijua kwa sifa tu. Chuma kinaoza kwa uwazi: kinageuka rangi, kinavimba, kinapukutika, hata mtoto anakuambia kimekwisha. Aluminiamu inabaki nzuri sehemu kubwa, halafu inatoboka mahali padogo. Kloraidi ya chumvi hupenya utando pale ulipo dhaifu. Kijishimo kikishaanza, maji ya ndani yake yanakosa oksijeni na kugeuka tindikali, na unga mweupe unaziba mdomo wake, hivyo kazi inaendelea gizani. Tope lenye unyevu, gunia, kipande cha blanketi, ubao uliolala moja kwa moja kwenye shiti: vyote vinafanya kazi ileile ya kuzuia hewa na kushika chumvi.

Na hapa nina neno kuhusu unene, maana ndipo wauzaji wanapobania. Waliopima vijishimo hivi kwenye maji baridi kwa miaka mingi waliona kwamba hukimbilia chini mwanzoni, kisha vinapunguza kasi. Kina chake kinafuata kipeuo cha tatu cha muda. Kwa lugha ya sokoni: shiti ya milimita 4 haitoboki baada ya muda mara mbili ya ile ya milimita 2, bali mara nane hivi. Ukimpunguzia mnunuzi milimita 2 ili bei ivutie, umemwibia miaka ambayo pesa uliyompunguzia hailipi.

Jambo la bolti nalo lina vurugu zake. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji, moja inaliwa kwa ajili ya nyingine, na mbele ya shaba, chuma au stenlesi anayeliwa ni aluminiamu. Maji ya ziwa letu hupitisha umeme kidogo kuliko ya bahari, takriban maikrosimensi 650 kwa sentimita wakati bahari ni kama 50,000, kwa hiyo madhara hayasambai mbali. Lakini yanajikusanya palepale kwenye shingo ya bolti, mahali ambapo ndipo unapopahitaji paimarike. Ukubwa pia una maana. Bolti ndogo ya stenlesi kwenye shiti kubwa, ikiwekewa washa ya nailoni na sili, yaani gundi ya kuziba maji, nitakuachia. Ribiti za aluminiamu zinazoshika pleti kubwa ya stenlesi usinionyeshe, kwa sababu zitakwisha moja baada ya nyingine kama meno ya bibi. Valvu ya shaba iliyofungwa moja kwa moja kwenye boti hiyo ni ugomvi usio na mwisho.

Tangu wavuvi wa dagaa waache karabai na kushika taa za sola, limeingia janga jipya ambalo silioni likisemwa. Fundi wa umeme anakaa ndani ya boti, anamenya waya, vipande vya shaba vinadondoka kwenye maji ya chini, anaondoka. Kila kipande kikilala pale kinachimba. Wengine, kwa kuokoa waya, hugeuza mwili wa boti kuwa hasi ya betri, na umeme ukipata njia ya kutorokea ziwani unaondoka na metali. Betri iwe na nyaya zake mbili kamili zinazokwenda na kurudi, ikae ndani ya kisanduku cha plastiki, na waya wowote usiguse mwili wa boti. Hilo halihitaji mkopo.

Hata mbao zina siri. Kuna vijana wanatengeneza viti vya boti kwa vipande vya nguzo za umeme zilizokataliwa, zile zenye rangi ya kijani. Kijani kile ni dawa yenye shaba. Ikilowa inatiririka shaba yake juu ya aluminiamu. Mti wa kawaida uliopakwa rangi, ukatengwa na shiti kwa mpira, ni bora mara mia.

Kuhusu rangi: chini ya mstari wa maji ipakwe praima ya epoksi, baada ya kusugua shiti vizuri kwa brashi ya stenlesi ambayo haijawahi kugusa chuma, maana brashi ya chuma inaacha vumbi la chuma ndani ya mikwaruzo. Rangi za boti za baharini zenye shaba ya kuzuia viumbe kuganda zisikaribie aluminiamu. Vile vipande vya kujitoa mhanga vinavyofungwa chini ya boti ili viliwe vyenyewe badala yake, boti kutoka pwani huja navyo vya zinki. Kwenye maji baridi zinki hujifunika ganda na kulala usingizi. Kwa ziwa ni vya magnesiamu, na visiwe vikubwa kupita kiasi, kwa sababu vikizidi nguvu vinachafua pH kwenye ngozi ya boti na kubabua rangi.

Najua kuna atakayesema basi turudi kwenye chuma, na atanitajia MV Liemba. Tena ana haki. Meli ile ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa hapahapa Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha, lakini kwanza wakapaka mitambo yake girisi nene. Waingereza waliiinua mwaka 1924 na mwaka 1927 ikarudi kazini. Chuma kitupu cha ribiti kimeishi miaka hiyo yote kwa sababu ya girisi, rangi na watu waliolipwa kuikwangua. Kikundi chenye bajeti ya kukwangua na kupaka rangi kila msimu kinaweza kuwa na boti ya chuma na kulala salama. Vikundi vyetu vingi havina bajeti hiyo, ndiyo maana bado nasema aluminiamu.

Ninachoomba ni hiki, na nakielekeza kwa maofisa uvuvi na kwa viongozi wa vikundi vinavyojaza fomu za mikopo. Kwenye mkataba wa kununua boti yasiandikwe maneno matupu kwamba boti iwe ya aluminiamu bora. Iandikwe namba ya aloi, 5083 au inayolingana nayo katika ukoo wa 5, na namba ya hali yake, yaani jinsi ilivyokazwa kiwandani, H116 au H321, ambazo ndizo za majini. Uandikwe unene wa chini na wa ubavu, kila mmoja peke yake. Zitajwe bolti ni za nini na zimetengwa kwa nini. Muuzaji aambatishe cheti cha kiwanda kilichoviringisha pleti, na namba ya cheti ilingane na iliyopigwa muhuri kwenye pleti yenyewe.

Muhuri huo upo, si hadithi. Pleti halisi ya majini huja na maandishi ya wino yaliyorudiwa mstari hadi mstari: namba ya aloi, hali, unene, kiwango kama ASTM B928, na namba ya mkupuo. Boti ikishapakwa rangi huyaoni tena, kwa hiyo mwakilishi wa kikundi aende kuona pleti kabla hazijakatwa, apige picha kwa simu. Nauli ya mtu mmoja kwenda Dar es Salaam kwa treni ni ndogo kuliko kiraka kimoja ninachotoza, na mimi si ghali. Muuzaji akisema wino ulifutika safarini, mwambieni na nyinyi pesa zimefutika.

Nimeshauriana na wenzangu wawili wanaochomelea, wananiunga mkono ila mmoja anasema nimewasahau mafundi wababaishaji. Sijawasahau. Aluminiamu inayeyuka nyuzi 660 za Selsiasi, lakini utando wake wa oksidi hauyeyuki mpaka zipite 2,000. Asiyeusafisha kwanza anachomelea maganda: juu panaonekana mshono mzuri, ndani hapajashikana. Kikundi kikileta boti kwa fundi, kimwulize ana gesi gani na anasafisha kwa nini, kabla ya kuuliza bei.

Kwa waliokwisha kununua, msiuze kwa hofu. Anzeni wikendi hii: toeni mbao za kukanyagia, osheni chini kwa maji mengi mpaka tope na chumvi viishe, okoteni kila kipande cha waya, kisha acheni boti wazi juani ikauke. Penye kichuguu cheupe wekeni alama kwa kalamu ya rangi. Mbao zikirudishwa zikae juu ya vipande vya mpira ili hewa na maji vipite chini yake, na magunia ya chumvi yalale juu ya turubai. Bolti za chuma zinazogusa shiti zitolewe moja moja, tundu lipanguswe, iwekwe ya stenlesi yenye washa ya nailoni pande zote mbili na sili shingoni. Kazi hiyo haihitaji gesi yangu. Spana na mchana mmoja vinatosha.

Fundi aluminiamu,
Mwanga, Kigoma